Hidroksiurea Lubumbashi: jelule ya 500, komprime ya kukata au dawa ya maji?

Mgonjwa wa SS (drepanositozi, ugonjwa wa selimundu) akitoka kwa munganga na ordonansi ya hidroksiurea, famasi itamuuliza anataka ngapi. Swali la umbo halimo, kwa sababu umbo linaloonekana zaidi Lubumbashi, mjini kati na hata Katuba au Ruashi, ni moja: jelule (kapsuli) ya miligramu 500. Kwa mtu mzima hilo halina shida kubwa. Kwa mtoto wa kilo 12 ni shida kweli, na kwa mtoto yeyote ambaye dawa yake imehesabiwa na kutiwa kwenye kifuko cha karatasi mwezi wa pili, mvua ikinyesha kila siku, shida ni mbili kwa wakati mmoja.

Hapa tunapima maumbo ya dawa hiyo yanayoweza kumfikia mgonjwa wa mji huu: jelule, komprime (vidonge) zenye mistari ya kukatia, na dawa ya maji. Mwishoni tunaingiza deferasiroksi, dawa ya kutoa chuma mwilini, maana aliyewekewa damu mara nyingi anaweza kuandikiwa zote mbili. Bei hatuandiki, zinapanda na kushuka na dola. Tunaonyesha namna ya kuzilinganisha.

Molekuli yenyewe tuimalize haraka. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1967 kama dawa ya saratani, na mwaka 1998 ikakubaliwa huko kwa watu wazima wenye drepanositozi. Kazi yake kuu ni kuongeza hemoglobini F, ile ya mtoto aliye tumboni. Chembe nyekundu yenye hemoglobini F ya kutosha haijikunji ovyo kuwa mundu. Kwa Afrika ushahidi mzito ni utafiti wa REACH uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambao upande wa Kongo uliongozwa na Profesa Léon Tshilolo wa hospitali ya Monkole, Kinshasa. Watoto 606 walianza dawa. Kwa kila miaka 100 ya wagonjwa (kama wagonjwa 100 wakifuatwa mwaka mmoja), matukio ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kwa hiyo habari ya kama dawa inafanya kazi imekwisha. Kinachobaki ni kama unga ulio ndani ya jelule unayoinunua leo bado ni hidroksiurea, na kama mtoto anapata kiasi kilichoandikwa.

Adui wa unga huu ni maji. Hidroksiurea safi ni fuwele nyeupe zinazoyeyuka upesi sana. Tumboni hiyo ni sifa nzuri: karibu dawa yote inaingia mwilini, na kilele chake kwenye damu kinafika kati ya saa 1 na saa 4. Nje ya tumbo sifa hiyo hiyo ni balaa, kwani unga unaopenda maji namna hii huyavuta hata yaliyo hewani, na yakishatua juu ya fuwele yanaanza kuivunja molekuli. Joto linaongeza kasi. Kuna dawa za damu zenye tabia ngumu ambazo wakemia walizituliza kwa kuzigeuza chumvi: eltrombopagi, ya watu waliopungukiwa plakete za damu (chembe za kugandisha damu), huuzwa ikiwa imeshikamana na olamini, na ruksolitinibu huuzwa kama fosfati. Hidroksiurea ni asidi dhaifu mno, haishiki chumvi ya kutegemewa. Mtengenezaji amebaki na viambata vikavu (vitu vinavyochanganywa na dawa), utando wa juu, na ufungaji. Ndiyo maana kwa dawa hii chupa na kifuniko chake tunavihesabu kuwa sehemu ya dawa.

Kwenye boksi kuna mstari mmoja ambao wateja wengi wanauruka: kiwango cha joto la kuhifadhia. Kiwanda kinachouza Ulaya hupima uthabiti wa dawa kwenye kabati la 25 °C na unyevu wa hewa wa 60%. Kinacholenga nchi za joto hupima kwa 30 °C na unyevu wa 65% au 75%. Juu ya hapo kuna jaribio la haraka la miezi 6, 40 °C na 75%. Boksi lililoandikwa "isizidi 30 °C" limeandaliwa kwa mazingira yanayofanana na yetu. La "isizidi 25 °C" linadai uangalifu zaidi. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na usiku wa mwezi wa sita ni wa baridi, jambo linalowadanganya watu kwamba dawa hapa hazipati joto. Mwezi wa kumi mchana, kwenye famasi ndogo ya mabati isiyo na dari, rafu ya juu inapita 30 °C bila shaka. Kisha mvua inaanza, na hadi mwezi wa tatu hewa imejaa maji.

Jelule ya miligramu 500

Hii ndiyo rahisi kupata na mara nyingi ndiyo nafuu. Nyingi ni jeneriki (nakala za dawa ya asili) kutoka India. Ya asili inaitwa Hydrea. Ndani, pamoja na dawa, Hydrea ina laktosi, asidi sitriki, fosfati ya sodiamu na stearati ya magnesi. Ganda ni la jelatini.

Ganda hilo ndilo sehemu dhaifu. Jelatini nzuri inabeba maji yake yenyewe, takriban 13 hadi 16% ya uzito wake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi ganda linavuta zaidi, linalegea, jelule zinashikana, na maji yanapita kuingia kwenye unga. Hewa ikikauka kupita kiasi, kama mwezi wa saba, ganda linapoteza maji na kuwa kama ganda la yai: ukilibana kidogo linapasuka na unga unamwagika. Ndani ya chupa yake, kifuniko kimekazwa na kikausha unyevu kimo, jelule inavuka misimu yote miwili vizuri. Nje ya chupa haina ulinzi wowote.

Hapo ndipo tunapokosana na desturi ya kuuza kwa kuhesabu. Mteja ana pesa ya jelule kumi. Muuzaji anafungua chupa ya mia, anahesabia mkononi, anatia kwenye kifuko cha karatasi au plastiki laini. Chupa inafunguliwa mara kumi kwa siku na kila mara inavuta hewa mpya. Kile kifuko cha kukausha kikishashiba maji hakikaushi tena. Na mkono wa muuzaji umegusa dawa inayozuia seli kugawanyika. Kama hakuna njia ila kununua kwa kuhesabu, tafuta jelule zilizo kwenye plakete za aluminiamu (vibao ambamo kila jelule ina kijumba chake), ukatiwe kipande chenye jelule zako bila kuzitoa. Plakete za aluminiamu pande zote mbili ndizo bora. Zile za plastiki nyepesi inayoonyesha ndani, yenye aluminiamu upande mmoja tu, hupitisha unyevu polepole. Kwa mwezi mmoja si neno, kwa mwaka kwenye rafu yenye joto hatuziamini.

Kukagua ni kazi ya dakika moja. Tikisa chupa: jelule zigongane na kutoa sauti kavu. Mimina mbili kwenye kifuniko: ziwe kavu, ngumu kiasi, zisigandane, zisiwe na unga nje. Angalia kama kikausha unyevu kimo. Soma namba ya toleo na tarehe kwenye boksi na kwenye chupa, zikipishana, rudisha. Uliza namba ya AMM (ruhusa ya kuuza dawa) inayotolewa na ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Boksi lenye maandishi ya lugha ambayo muuzaji mwenyewe haisomi, bila AMM, liache hata kama bei inavutia.

Sasa kipimo. Kawaida mtu anaanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, mara moja. Mtoto wa kilo 25 kwa 20 anahitaji 500: jelule moja, kazi imekwisha. Wa kilo 30 akipewa moja kila siku anapata karibu 16.7 kwa kilo, bado yuko ndani. Wa kilo 37 anaweza kupewa moja leo na mbili kesho, wastani wa 750, yaani 20.3 kwa kilo. Chini ya kilo 25 hesabu inaharibika. Kilo 12 kwa 20 ni 240, na jelule haina nusu.

Tunajua nyumbani kinachofanyika. Jelule inafunguliwa, unga unagawanywa kwa ncha ya kisu juu ya karatasi, nusu ya pili inafungwa ndani ya karatasi hiyo hiyo kwa ajili ya kesho. Makosa yako mengi katika tendo hilo moja. Jicho haligawi sawa unga mdogo namna hiyo. Nusu ya kesho inalala usiku mzima na unyevu. Na mama, ambaye pengine ni mjamzito, anavuta vumbi la dawa yenye uwezo wa kudhuru mimba. Kama jelule ya 500 ndiyo pekee iliyopo, waganga wengine huandika moja nzima siku moja, siku inayofuata hakuna: wastani wa 250 kwa siku, 20.8 kwa kilo kwa huyo mtoto wa kilo 12. Dawa inatoka mwilini ndani ya saa chache, kwa hiyo mpangilio huu si wa kujivunia, na ni lazima uamuliwe na munganga. Lakini kati yake na kisu juu ya karatasi, tunachagua huu, mradi siku za dawa ziwekwe alama kwenye kalenda ya ukutani. Asiye na alama atasahau kama jana ilikuwa ya dawa, atatoa mara mbili.

Hukumu yetu: nzuri kwa kilo 25 kwenda juu, ikiwa kwenye chupa yake au plakete ya aluminiamu. Kwa watoto wadogo ni ya kukosa nyingine.

Komprime za 100 na 1,000

Hapa tunazungumzia Siklos, ya Ufaransa, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2007 na Marekani mwaka 2017. Ilibuniwa kwa ajili ya drepanositozi tangu mwanzo, na inaonekana. Ya miligramu 100 ina mstari mmoja, inagawanyika vipande viwili vya 50. Ya 1,000 ina mistari mitatu na kutoa vipande vinne vya 250. Chupa ya 100 ina komprime 60, ya 1,000 ina 30. Kifuniko kina kikausha unyevu ndani yake, na mtoto hakifungui kirahisi.

Viambata vyake ni vichache: selulosi yenye silika, fumarati ya sodiamu na stearili, na utando wa polima ya methakrilati. Hakuna laktosi. Utando huo una akili: kwenye mate haulegei, kwenye asidi ya tumbo unayeyuka. Kwa hiyo unaziba uchungu mdomoni na kuzuia unyevu kwenye chupa bila kuchelewesha dawa.

Ukivunja komprime, utando unavunjika pamoja nayo, na uso mpya wa unga uliobanwa unabaki wazi. Ndiyo sababu mtengenezaji anataka vipande virudishwe kwenye chupa na vitumiwe ndani ya miezi mitatu. Kuvunja kwenyewe hakuhitaji kisu wala mashine. Mikono iwe mikavu, yenye glavu kama anayevunja si mgonjwa. Shika komprime ya 1,000 juu ya sahani safi, bonyeza kwa vidole gumba viwili pande zote za mstari wa kati, kisha fanya hivyo kwa kila nusu. Usivunje chupa nzima siku moja. Vunja komprime inayofuata wakati vipande vya kwanza vimekwisha. Unga uliobaki kwenye sahani ufute kwa karatasi yenye maji, karatasi uifunge kwenye plastiki kabla ya kuitupa, kisha nawa mikono.

Mtoto asiyeweza kumeza: kipande kinatiwa kwenye kijiko cha chai chenye maji kidogo, kinayeyuka, kinanywewa papo hapo. Uchungu utarudi kwa sababu utando haupo tena. Tone la siro linatosha kuuficha. Kisiandaliwe asubuhi kikanywewe jioni.

Kwa usahihi wa kipimo, kati ya maumbo makavu, hili halina mpinzani. Kilo 12 kwa 20: komprime mbili na nusu za 100, jumla 250. Kilo 18: 360, unatoa tatu na nusu, 350. Munganga akitaka kupandisha kwa miligramu 5 kwa kilo, kwa mtoto wa kilo 12 ni nyongeza ya 60, na nusu komprime ya 50 inakaribia kabisa. Jelule haikaribii hapo hata kwa ujanja.

Lawama yetu ni upatikanaji na bei ya kuanzia. Si kila famasi kubwa inayoiweka. Mara nyingi inaagizwa, na oda ikichelewa mtoto anakaa bila dawa. Anayeitegemea aagize chupa inayofuata wakati ya sasa imebaki na wiki nne.

Kuhusu bei, wengi wanaiona chupa ya 1,000 na kuondoka. Wangepiga hesabu kwanza. Mtoto wa kilo 12 anayepata 250 kwa siku anatumia miligramu 7,500 kwa siku 30. Hizo ni jelule 15 za 500, au komprime 75 za 100, au komprime saba na nusu tu za 1,000. Chupa moja ya komprime 30 za 1,000 ina robo 120, yaani miezi minne. Chukua bei ya chupa yoyote, igawanye kwa jumla ya miligramu zilizo ndani, zidisha kwa 7,500, hapo utakuwa na bei ya mwezi ya kulinganisha. Kwa jelule kumbuka kuhesabu unga unaopotea kama zinafunguliwa. Ya 1,000 ina upungufu wake: hatua zake ni 250 kwa 250, kwa hiyo kipimo kikihitaji kupanda kidogo itabidi kuongeza za 100 pembeni.

Hukumu: kwa mtoto wa kilo 10 hadi 25 hili ndilo umbo la kutafuta. Wazazi wawili wenye watoto wa uzito unaokaribiana wakishirikiana chupa ya 1,000, wagawane mbele ya famasia, kila mmoja na chombo cha asili chenye kikausha. Chupa ya plastiki ya vitamini iliyooshwa haifai, maji ya kuoshea yanabaki kwenye nyuzi za kifuniko.

Dawa ya maji

Kuna dawa ya maji ya kiwandani, Xromi, miligramu 100 kwa mililita, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2019. Inatunzwa kwenye frigo kati ya 2 na 8 °C, na ikifunguliwa ina wiki 12. Kwa nyumba ambayo umeme unakatika siku nzima, sharti hilo peke yake linaiondoa.

Inayowezekana ni ile ya kutengenezwa kwenye famasi kutokana na jelule, na hapa kuna habari njema isiyojulikana sana. Ingawa unga mkavu unaharibiwa na unyevu, hidroksiurea ikiyeyushwa kwenye maji ya joto la kawaida, kwa nguvu ya miligramu 100 kwa mililita, ilionyeshwa mwaka 2004 kudumu miezi kadhaa bila frigo. Inayoiua ni moto. Anayechemsha maji ili jelule ziyeyuke haraka anapoteza dawa kabla haijafika kwenye chupa, na kwa macho huwezi kuona tofauti yoyote.

Utaratibu kwa mililita 100: jelule 20 za 500, jumla gramu 10. Maji yaliyosafishwa mililita 50, ya joto la chumba. Fungua jelule ndani ya maji, siyo juu ya meza, ukiwa na glavu na maski. Koroga kwa saa kadhaa, maana dawa inayeyuka lakini sehemu ya viambata haiyeyuki. Chuja. Jaza kwa siro ya dawa hadi mstari wa 100. Chupa iwe ya rangi ya kahawia, na lebo iwe na tarehe ya kutengenezwa, nguvu na namba ya toleo la jelule. Ingawa uthabiti uliopimwa ni wa miezi, mwezi mmoja ndio muda tunaoukubali mjini hapa, kwa sababu chupa inafunguliwa kila siku na sirinji inaingia humo na vijidudu vyake. Kipimo ni kwa sirinji tu: 240 ni mililita 2.4, mtoto wa kilo 8 kwa 20 anahitaji 160, yaani 1.6. Kijiko cha chai cha nyumbani kinachukua karibu mililita 5, sawa na miligramu 500, zaidi ya mara tatu ya dozi ya mtoto huyo.

Kazi hii ni ya famasi yenye mizani, kichujio na sehemu iliyotengwa. Jikoni hapana. Ikifanywa vizuri inampita mpinzani yeyote kwa watoto wa chini ya kilo 10. Ikifanywa vibaya ni mbaya kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kilichomo ndani.

Namna ya kujua kama dawa ilikuwa dawa

Maabara ya kupima usafi wa jelule moja moja mgonjwa hawezi kuifikia. Lakini damu yake inatoa jibu. Kwenye karatasi ya NFS (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kuna mstari wa VGM, ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Hidroksiurea ikiingia mwilini kila siku, VGM inapanda. Baada ya miezi miwili au mitatu, kama imekaa pale pale ilipokuwa kabla ya dawa, mara nyingi ama mgonjwa hamezi, ama anameza kidogo mno kwa uzito wake, ama kilichomo kwenye jelule kimeharibika. Kwa hiyo NFS ya kwanza, kabla ya kidonge cha kwanza, itunzwe. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha.

NFS hiyo hiyo ndiyo ulinzi. Mwanzoni inafanywa kila wiki mbili, baadaye kwa nafasi ndefu zaidi kadiri munganga atakavyoona. Dawa inasimamishwa neutrofili (chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu) zikishuka chini ya 2,000 kwa milimita moja ya ujazo, plakete za damu chini ya 80,000, au hemoglobini chini ya gramu 4.5 kwa desilita, na inarudishwa hesabu zikipanda. Homa ya mtoto anayetumia dawa hii haisubiri kesho.

Na usiihukumu mapema. Nafuu ya maumivu inaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita. Wengi huacha mwezi wa pili, wakisema jelule za safari hii hazina nguvu, wakati VGM yao tayari imeanza kupanda.

Deferasiroksi, kwa ufupi

Hii inatoa chuma kilichorundikana kwa sababu ya kuongezewa damu. Tatizo lake ni kinyume cha la hidroksiurea: haipendi maji kabisa, hivyo umbo gumu ndilo linaloamua ni kiasi gani kitaingia mwilini. Exjade ya kutawanya kwenye maji ni ya 125, 250 na 500. Jadenu ni ya kumeza, yenye utando, ya 90, 180 na 360. Namba hazilingani kwa makusudi: Jadenu inaingia zaidi, kwa hiyo dozi yake ni pungufu kwa karibu 30%. Aliyekuwa na 20 kwa kilo ya Exjade anahamia 14 kwa kilo ya Jadenu. Famasi ikibadilisha moja kwa nyingine miligramu kwa miligramu, figo ndizo zitakazolipa.

Exjade inatawanywa kwenye glasi: dozi chini ya gramu 1 kwa mililita 100 za maji au maji ya chungwa, zaidi ya hapo mililita 200. Haiyeyuki, inabaki kama chokaa ndani ya maji. Ukinywa, rudishia maji kidogo, zungusha, unywe mabaki, kwani yaliyoganda kwenye glasi ni dozi. Inanywewa tumbo tupu, angalau nusu saa kabla ya chakula, na watoto wengi inawasumbua tumbo. Jadenu inakubali chakula chepesi, na inaweza kusagwa. Ikiwa zote mbili zipo, hatuoni sababu ya kuchagua Exjade zaidi ya bei. Kwa yoyote kati ya hizo kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) ipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye.

Kuna jina moja zaidi ambalo bado linaulizwa, hasa na wenye ndugu Ulaya na Marekani: Oxbryta, komprime ya vokselotori, dawa nyingine ya drepanositozi. Iliidhinishwa Marekani mwezi wa 11 mwaka 2019, na Pfizer waliiondoa kwenye masoko yote mwezi wa 9 mwaka 2024. Boksi likiletwa na msafiri, hata kama tarehe yake haijapita, lipelekwe famasi likaharibiwe.